Swali la Kuulizwa Kabla ya Dripu ya Kwanza

Soma nyumbani: 1 Samweli 1, mstari wa 1 hadi wa 18.

Somo la wiki hii nimeliandikia hasa wahudumu wa afya tulio nao hapa kanisani: wauguzi, matabibu, wafamasia, watu wa maabara, na wale mama na vijana wanaozunguka mtaani nyumba kwa nyumba na mkoba wa afya ya jamii. Lakini usifunge kijitabu ukisema hayakuhusu. Kama una dada, binti, ndugu au rafiki aliyewahi kuambiwa ana saratani, utajikuta humu ndani. Mimi nimejikuta, tena si mahali pazuri.

Miaka michache iliyopita dada mmoja wa kanisa letu alikuja kuniona siku ya Jumatano, baada ya maombi ya mchana. Ameniruhusu kuandika haya. Jina lake tuliache. Alikuwa na miaka 29, posa imeshapelekwa, na wiki hiyo alikuwa amepata majibu ya uvimbe uliokuwa kwenye titi. Ilikuwa saratani. Kemo ingeanza baada ya wiki tatu. Aliongea kwa utulivu ulionishangaza, akaeleza mambo ya pesa, ya kazi, ya nani atakayempeleka hospitali. Halafu akiwa amesimama tayari kuondoka, mkono uko mlangoni, akauliza, "Pasta, na watoto je?"

Nikamjibu, "Dada yangu, kwanza upone. Hayo mengine Mungu atayashughulikia." Nikamwombea, na jioni nikaenda nyumbani nikijiona nimefanya kazi ya mchungaji.

Hospitali alikotibiwa, kabla ya dripu ya kwanza, alipita mikononi mwa watu sita au saba. Kuna aliyemsajili, aliyetoa damu, aliyepiga picha, daktari wa upasuaji, daktari wa kemo, mfamasia, na muuguzi wa kumwelekeza. Walimweleza habari za nywele, kutapika, vidonda vya mdomo. Habari za uzazi hakuna aliyefungua kinywa. Alipojipa moyo akamuuliza muuguzi, akaambiwa afikirie uhai kwanza. Maneno yangu yaleyale, ila huyo alikuwa amevaa sare.

Kemo ikaisha, hedhi ikapotea. Alingoja mwaka mzima akiambiwa itarudi. Alipopimwa, daktari wa uzazi aliangalia karatasi, akasema mayai yaliyobaki ni machache mno, kisha akauliza, "Hawakukuambia kabla?"

Yuko hai, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini siku aliyoniletea ile karatasi aliniambia neno ambalo sijalisahau. "Pasta, hakuna aliyeninyima. Hakuna aliyeniambia tu."

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo nitaeleza kama mtu wa duka. (Wauguzi wawili na daktari mmoja wa kanisa wameisoma rasimu hii na kuijaza wino mwekundu, nawashukuru.) Mwanamke huzaliwa na stoki yote ya mayai yake, kati ya milioni moja na mbili. Akifika umri wa kuvunja ungo yamebaki kama laki tatu au nne, na stoki inaendelea kupungua kila mwezi hata kama hajawahi kushika mimba. Hakuna lori linalokuja kuleta mzigo mpya. Sasa kemo ni dawa inayoshambulia chembe zinazogawanyika haraka. Ndiyo sababu nywele hung'oka na mdomo hupata vidonda. Dawa nyingine za kundi hilo huharibu pia yale mayai yaliyolala ghalani. Saiklofosfamaidi, inayotumika sana kwa saratani ya matiti, ni mojawapo ya zile kali. Umri nao unahesabika. Msichana wa miaka 22 anaweza kupoteza mengi akabaki na kitu, wa miaka 38 akamalizwa na matibabu yaleyale. Na hedhi ikirudi isikudanganye, kwa sababu duka linaweza kuwa wazi na rafu karibu tupu.

Mwanamume ni kiwanda, si ghala. Mbegu zake hutengenezwa kila siku na huchukua karibu miezi mitatu kukomaa. Kemo inaweza kusimamisha kiwanda kwa muda, au kuua zile chembe mama zinazoendesha mitambo, na hapo hakitafunguka tena. Mionzi ikielekezwa kwenye nyonga huumiza vifuko vya mayai na hata nyumba ya mtoto yenyewe. Hili linatugusa sana sisi, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ni ya pili kwa wingi kati ya wanawake wa Kenya baada ya ile ya matiti, na wengi wanaougua bado wako umri wa kuzaa.

Nayasema haya si kumtisha mtu akimbie kemo. Tafadhali! Kemo inaokoa watu, na asiyekwenda kutibiwa hatakuwa na mayai wala uhai. Ninachosema ni kwamba kuna mlango ambao huwa wazi kati ya siku ya majibu na siku ya dripu ya kwanza, na huo mlango ukifungwa, mara nyingi haufunguki tena. Kwa dada yetu ulikuwa wazi wiki tatu. Kutoa mayai ya kugandisha huchukua kama wiki mbili.

Kwa mwanamume kazi ni ndogo kiasi cha kuhuzunisha, ukifikiria wangapi hawakuambiwa. Ni asubuhi moja, chupa moja, basi. Mbegu zinagandishwa kwenye nitrojeni ya maji na kukaa miaka. Mimba za kwanza kwa mbegu zilizogandishwa ziliripotiwa Marekani mwaka 1953, kabla ya Kenya kupata Uhuru. Yule mwendesha baiskeli Lance Armstrong (najua, mambo yake mengine si mfano wa kuiga) alipopatikana na saratani ya korodani mwaka 1996 aliweka mbegu kabla ya kemo, na baadaye akapata watoto watatu kwa mbegu hizo.

Kwa mwanamke kuna sindano za kila siku za kukuza mayai, kisha yanatolewa kwa sindano nyembamba akiwa amelazwa usingizi kidogo. Siku hizi si lazima kungoja mwanzo wa mwezi wake, madaktari wanaweza kuanza siku yoyote. Na kwa saratani ya matiti inayolishwa na homoni huongezwa dawa iitwayo letrozoli ili homoni isipande sana. Mayai yanaweza kugandishwa yenyewe, au yakachanganywa na mbegu za mume na kugandishwa yakiwa viinitete. Mtoto wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa alizaliwa Australia mwaka 1984. Kugandisha mayai pekee kulichukua muda zaidi kuaminika. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kiliacha kukuita jaribio mwaka 2012. Kenya watoto wa kwanza wa kutungishwa maabara walizaliwa Nairobi mwaka 2006, na leo kliniki za uzazi jijini zinagandisha mayai na mbegu. Kwa hivyo hatuongei habari za ng'ambo tu.

Kuna sindano ya kila mwezi, goserelini, ya kuvilaza vifuko vya mayai wakati wa kemo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwa wanawake wenye saratani ya matiti isiyotegemea homoni ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili vifuko vilikuwa vimeshindwa kwa asilimia 8 ya waliodungwa, dhidi ya asilimia 22 ya wasiodungwa. Hiyo si bima kamili, na madaktari wanasema isichukue nafasi ya kugandisha pale kugandisha kunapowezekana. Ila ni kitu. Kuna upasuaji wa kusogeza vifuko vya mayai viende juu, mbali na mionzi. Kuna upasuaji wa saratani changa ya mlango wa kizazi unaoondoa mlango na kuacha nyumba ya mtoto. Daktari Mfaransa Daniel Dargent ndiye aliyeuanzisha. Na kuna kugandisha kipande cha kifuko cha mayai na kukirudisha mwilini baada ya matibabu. Mtoto wa kwanza kwa njia hiyo aliripotiwa Ubelgiji mwaka 2004, na kwa msichana ambaye hajavunja ungo ndiyo njia pekee iliyopo, maana hana mayai yaliyokomaa ya kutolewa.

Sasa nije kwa neno lenyewe. Nani aulize?

Mwaka 2006 chama cha madaktari wa saratani cha Marekani kilitoa mwongozo kwamba mgonjwa aliye umri wa kuzaa aelezwe hatari ya kupoteza uzazi mapema iwezekanavyo kabla ya matibabu. Mwongozo ulimtaja daktari wa saratani. Ulipopitiwa upya mwaka 2013, walibadilisha maneno. Mahali palipoandikwa daktari wa saratani wakaweka mhudumu wa afya, ili wauguzi, maafisa wa ustawi wa jamii, wanasaikolojia na wengine wote wajue hili ni lao pia. Kwa mtu wa biashara hilo ni badiliko kubwa kuliko mashine mpya. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja mwenye foleni ya wagonjwa 60 mlangoni ikawa ya kila anayemgusa mgonjwa.

Nauliza wauguzi wetu kwa nini hawaulizi, wananiambia ukweli. Mmoja anasema, "Pasta, nikiuliza na hospitali yetu haina hiyo huduma, nimemsaidia nini?" Mwingine anasema anaogopa kumwongezea mtu mzigo siku aliyopewa majibu mabaya. Wa tatu akacheka kidogo akasema, "Huyo hata nauli ya kurudi Kitui hana, nianze kumwambia mambo ya kugandisha mayai?"

Majibu yote matatu nayaheshimu, na yote matatu naona yana shida moja, kwamba mhudumu ameamua kwa niaba ya mgonjwa bila mgonjwa kujua kuna jambo la kuamuliwa. Umemhesabia mfuko. Hujui kama ana shangazi aliye Doha, ana sacco, ana shamba la miti. Hata kama kweli hana kitu, kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyesikia, akalia, akasema hatuwezi, na mtu aliyegundua miaka miwili baadaye kwamba kulikuwa na kitu cha kusikia. Wa kwanza anabeba huzuni. Wa pili anabeba huzuni na hasira, na hasira hiyo sijui niiweke wapi ninapokaa naye.

Kuuliza kwenyewe si hotuba. Muuguzi mmoja wetu anayefanya kazi katika wadi ya saratani husema hivi: "Dawa hizi zinaweza kugusa uwezo wa kupata mtoto baadaye. Wengine hutaka kuongea juu ya hilo kabla hatujaanza. Wewe ungependa?" Basi, kisha ananyamaza. Anasema hapo ndipo kazi ilipo, kunyamaza, kwa sababu mgonjwa wa kwetu hatajibu mara moja. Atatazama chini. Ukikimbilia fomu inayofuata umemwambia swali halikuwa la kweli.

Huyo huyo alinisimulia habari za kijana wa miaka 19 mwenye saratani ya tezi, aliyekuja na mama yake. Kila swali alijibu mama. Muuguzi akajua mbele ya mama hakuna kijana atakayeongea mambo ya mbegu. Akamwambia mama, kwa adabu yote, "Mama, naomba uende pale dirishani uchukue kadi, mimi nimpime presha." Wakabaki wawili, akauliza. Kijana akasema, "Sista, nilikuwa nataka kuuliza lakini niliona aibu." Siku mbili baadaye alikuwa ameshaweka mbegu, na mama aliambiwa baadaye na mwanawe mwenyewe, kwa njia yake. Akina mama msikasirike. Nasi akina baba ni vilevile, na mama mkwe ndiyo usiseme. Mama mkwe akiwa chumbani, binti atasema hana swali.

Tena usichague wa kumuuliza kwa macho. Asiyeolewa aulizwe. Aliye na watoto wawili aulizwe, labda alitaka wanne, labda ameolewa upya. Mjane aulizwe. Anayeishi na virusi aulizwe kama wengine. Kijana ambaye unadhani ni mdogo aulizwe, kwa lugha yake, na mzazi kwa lugha ya mzazi.

Yuko pia ambaye haiwezekani. Saratani kali ya damu haingoji wiki mbili. Wakati mwingine dripu inawekwa siku ileile au kesho yake. Huyo mwambie ukweli kwamba hatari ipo, kwamba muda wa mayai hatuna, na kwamba tutaliongea tena ukishatulia. Usimfiche na usimwahidi. Neno "usijali" likitoka kwa aliyevaa sare mgonjwa hulichukua kama cheti.

Kitu kingine ambacho wauguzi walinisisitizia nikiandike. Kemo haizuii mimba. Watu wengi hudhani kwa sababu hedhi imekatika basi hawawezi kushika, na wakishika katikati ya matibabu dawa zinaweza kumdhuru mtoto. Kwa hivyo mgonjwa apimwe mimba kabla ya kuanza na aongee na mhudumu juu ya njia ya kupanga uzazi inayomfaa. Hayo yote ni mazungumzo mamoja.

Na baada ya kuuliza kuna kupeleka. Ukisema "tafuta daktari wa uzazi" na mgonjwa ana karatasi saba mkononi, hatatafuta. Piga simu ukiwa naye. Andika barua leo, si siku ya kliniki ijayo, na uandike kwenye faili kwamba mmeongea, ili anayefuata asianze upya au asidhani tayari. Kama hospitali yako haina huduma hiyo, jua namba ya iliyo nayo. Namba moja kwenye simu yako inatosha kujibu lile swali la "nimemsaidia nini".

Pesa sasa. Kutoa mayai na kugandisha ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa kawaida familia ndiyo hulipa. Mbegu za kiume ni nafuu sana kuliko hapo. Ila watu husahau ada ya kuhifadhi, ambayo hulipwa kila mwaka. Mhudumu amkumbushe mgonjwa aulize mapema mwaka wa pili na wa tano nani analipa, na wasipolipa itakuwaje. Tena kuna fomu ya kusema nini kifanyike mgonjwa akifariki au ndoa ikivunjika. Fomu hiyo hakuna anayependa kuisoma. Isomwe, tena polepole, na mtu asiye na haraka.

Sisi kanisa tumezoea kuchanga. Kadi ya harambee inaandikwa kemo, mionzi, nauli, chakula maalum. Sijawahi kuona kadi yenye mstari wa uzazi. Kwa nini? Nadhani ni aibu. Kamati ya ustawi imekubali kwamba kuanzia sasa mgonjwa akileta barua ya daktari yenye gharama hiyo, itahesabiwa kama gharama nyingine, na haitatangazwa madhabahuni bali itabaki kwa mwenyekiti na mweka hazina.

Najua kuna mtu tayari anauliza juu ya viinitete. Ni swali zuri, na wapendwa wengi wana dhamiri nyeti hapo, mimi nikiwemo. Kiinitete kilichogandishwa na hakikutumika kinaleta maswali mazito. Ndiyo maana ni vizuri mgonjwa ajue kwamba kugandisha mayai peke yake, bila kuyachanganya na mbegu, sasa ni njia inayokubalika kitabibu, na kwa dada ambaye hajaolewa ndiyo inayomfaa zaidi hata kwa sababu nyingine. Ndugu muuguzi, hapo kazi yako si kuhubiri. Mweleze tofauti, mwache aende na mumewe au na mchungaji wake. Nasi wachungaji tujue angalau hiyo tofauti kabla hatujafungua kinywa.

Ukisoma ile sura ya 1 Samweli utaona Hana alikuwa na watu wawili waliompenda au waliopaswa kumhudumia, na wote wawili walimkosa mara ya kwanza. Elkana mumewe alimpa sehemu nzuri ya nyama, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe hamtoshi kuliko wana kumi. Nia ilikuwa nzuri. Lakini hakumuuliza anataka nini, alimuuliza kwa nini analia. Eli kuhani alikuwa amekaa pale mlangoni pa hekalu, akaona midomo inacheza bila sauti, akaamua huyu ni mlevi. Mtaalamu wa kazi yake, miaka mingi kwenye kiti kile, akasoma dalili vibaya! Tofauti ya Eli ni kwamba Hana alipomjibu, alisikiliza. Hakujitetea. Akageuza maneno yake palepale, na Hana akaenda akala, na uso wake haukuwa tena wa huzuni. Samweli hajazaliwa bado wakati huo, hata mimba haijaingia. Uso ulibadilika kwa sababu mtu mmoja kwenye kiti cha huduma alikubali kumsikia.

Mimi nilikuwa Elkana na Eli kwa sentensi moja ya Jumatano. "Kwanza upone."

Jambo la baada ya matibabu nitaligusa kwa sababu linawachanganya wengi. Zamani wanawake waliopona saratani ya matiti waliambiwa wasishike mimba kabisa, itarudisha ugonjwa. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya 500 kutoka nchi nyingi, wa miaka 42 kwenda chini, ambao saratani yao ilikuwa ile ya homoni. Baada ya miezi 18 hadi 30 ya vidonge waliruhusiwa kusimama kwa muda, chini ya uangalizi wa madaktari, wajaribu kupata mtoto. Katika miaka mitatu ya kwanza ugonjwa uliwarudia kama asilimia 9 tu, sawa na wenzao wa kulinganishwa ambao hawakusimamisha. Katika wale karibu 500 waliofuatiliwa kwa mimba, zaidi ya 300 walijifungua mtoto aliye hai. Wanafuatiliwa bado, maana saratani hiyo inaweza kurudi baada ya miaka mingi. Lakini sikiliza vizuri, dada unayemeza tamoksifeni: usisimamishe mwenyewe kwa sababu umesoma kijitabu cha kanisa. Dawa hiyo haitakiwi wakati wa mimba, na kuna miezi ya kungoja itoke mwilini. Nenda na swali kwa daktari wako. Na wewe mhudumu, akija na swali hilo usimjibu kwa yale uliyosoma chuoni mwaka 2009.

Wako ambao mlango ulifungwa na haukufunguka. Kwao naomba tupunguze maneno. Habari za kuasili mtoto ni nzuri, na sheria yetu inaruhusu, lakini usimpe mtu kama plasta dakika anayolia. Asije akaitwa mbele kila Ijumaa ya mkesha kuombewa tumbo bila kuombwa ruhusa. Na Jumapili ya akina mama, ile desturi ya kusema akina mama wote wasimame wapewe maua, wazee wa kanisa tumekubaliana mwaka huu tuipange tofauti. Kuna viti ambavyo tumekuwa tukiviangalia vikibaki vimekaliwa, tukapita.

Nilimwendea yule dada mwezi uliopita kumwomba msamaha rasmi, si ule wa kupitia maombi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema alishanisamehe zamani, lakini kuna msichana wa miaka 24 kwenye kikundi chake cha nyumbani ambaye majibu yake yanatoka Ijumaa. "Ukiwa utaongea naye, Pasta, usimwambie lolote kwanza. Mpe namba yangu." Nilimpa.

Wahudumu wa afya wote tutakutana Jumamosi ijayo saa nane mchana katika ukumbi mdogo. Daktari wetu atapitia orodha ya dawa na hatari zake, na dada huyo amekubali kuja kukaa nasi. Mlete mwenzako wa kazini hata kama hasali hapa.